Kuipima Chupa Si Kuitilia Shaka Hadithi

 

Wiki mbili zilizopita alitufikia dada mmoja, mama wa watoto watatu, akiwa na mfuko wenye chupa tatu ndogo. Zote tatu zimeandikwa mafuta ya habasoda. Alizipanga mezani mbele yetu, nasi tukaziona kuwa hazifanani. Ya kwanza ilikuwa na mafuta ya rangi ya kahawia iliyokoza, yenye harufu kali inayopanda puani. Ya pili ilikuwa ya manjano, nyepesi, na harufu yake haikuwa mbali na ya mafuta ya kupikia. Ya tatu ilikuwa nyeusi kama wino, na tulipoifungua ilitoa harufu ya manukato.

Baba yake ana kisukari kwa miaka mingi. Mwaka jana, baada ya Swala ya Ijumaa, muuzaji mmoja alimwambia kwamba mwenye chupa ile hahitaji tena vidonge vya hospitali, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) ameshasema kuwa habasoda ni shifaa ya kila ugonjwa. Mzee akaviweka vidonge kabatini. Binti alipouliza mafuta yale yametoka wapi na nani ameyapima, aliambiwa kuwa imani yake ni dhaifu. Akanyamaza. Mwezi wa tatu kidonda kidogo cha mguuni kikakataa kupona, na mzee alipofikishwa hospitali sukari yake ilikuwa juu mno. Alhamdulillahi, yu hai. Lakini vidole viwili vya mguu wa kushoto havipo tena.

Dada yetu hakuja kulalamika. Alikuja na swali moja: je, nilikosea kuuliza? Tumeona swali hili si lake peke yake. Limo katika nyumba nyingi zetu, na mara nyingi linanyamazishwa kama lilivyonyamazishwa nyumbani kwao. Kwa hiyo leo tumeamua kuitoa nafasi yote ya safu hii kulijibu.

Hadithi ni sahihi, lakini inasema nini?

Tuanze pale ambapo hapana mzozo. Imepokewa kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.), na ikathibiti kwa Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) ameieleza habasoda kuwa ndani yake mna shifaa ya kila ugonjwa isipokuwa mauti. Muislamu haipi mgongo hadithi hii. Ila Muislamu hachukui vilevile maneno ya Mtume (s.a.w.) na kuyabandika juu ya chupa asiyojua kilichomo.

Wanavyuoni waliotutangulia walilizungumza neno hili "kila ugonjwa" kwa makini. Al-Khattabi aliliona kuwa ni neno la jumla lililokusudiwa jambo mahususi, kwa sababu hakuna mmea mmoja unaokusanya tabia zote zinazopambana na maradhi yote. Ibnul Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, alilifafanua kwa njia hiyo hiyo, akasema linahusu maradhi yanayokubali tiba ya mmea huu, yaani yale ambayo matabibu wa zama zake waliyaita maradhi ya baridi. Wapo pia walioliacha neno katika ujumla wake. Lakini hata hao hawakusema kwamba kila mgonjwa anywe kijiko kimoja cha mafuta na kuacha mengine yote. Ibn Hajar anaeleza kuwa matumizi hutofautiana kwa kadiri ya maradhi. Pengine hutumiwa peke yake na pengine huchanganywa. Kuna kula, kunywa, kupaka na kutia puani.

Katika Sahihi Bukhari kipo kisa ambacho wauzaji wengi hawakisimulii. Khalid bin Saad alikuwa safarini pamoja na Ghalib bin Abjar, na Ghalib akaugua njiani. Walipofika Madina, Ibn Abi Atiq alikuja kumtazama mgonjwa. Akawaelekeza wachukue punje tano au saba za habasoda, wazisage, kisha wamdondoshee puani pamoja na matone ya mafuta, upande huu na upande huu. Ndipo akataja hadithi aliyoipokea kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.). Ibn Hajar amedokeza kuwa huenda Ghalib alikuwa na mafua.

Tukizingatie kisa hicho. Mgonjwa alitazamwa kwanza. Punje zilihesabiwa. Zilikuwa punje nzima zinazoonekana kwa macho, zikasagwa papo hapo mbele ya watu. Njia ya kuzitumia ilielezwa. Hayo yote manne ndiyo yaliyokosekana kwa mzee wetu siku ile ya Ijumaa.

Tukumbuke pia kwamba Mtume huyu huyu (s.a.w.) alipomzuru Saad bin Abi Waqqas (r.a.) akiwa mgonjwa, alimwelekeza aende kwa Harith bin Kalada, tabibu wa kabila la Thaqif. Hadithi hiyo imo katika Sunan Abi Daud. Na imo humo pia ile inayosema kwamba mwenye kujitia utabibu hali hajulikani kwa elimu hiyo, yeye ndiye mwenye dhamana ya madhara yatakayotokea. Hilo ni jukumu zito, na laiti wauzaji wangelitafakari kabla ya kumwambia mtu aache vidonge.

Punje hii ni kitu gani?

Habasoda ni mbegu ya mmea mdogo wa msimu mmoja ambao wataalamu wanauita Nigella sativa. Haufiki kimo cha mtu. Maua yake ni meupe au ya buluu hafifu, na mbegu hukaa ndani ya kibumba kilichogawanyika vyumba. Hulimwa sana India, Misri, Uhabeshi, Uturuki na nchi za Sham. Matumizi yake ni ya kale mno, kwani mbegu zake zilikutwa katika kaburi la Tutankhamun huko Misri. Ibn Sina naye ameitaja katika kitabu chake cha Qanun. Kwetu sisi watu wa pwani imo katika achari, juu ya mikate, na katika kijiko cha asali cha asubuhi.

Ukiikamua mbegu, utapata aina mbili za mafuta zilizochanganyika. Kuna mafuta mazito, ambayo ni kiasi cha asilimia 30 hadi 40 ya uzito wa mbegu. Na kuna mafuta mepesi yanayoruka hewani, ambayo ni machache sana, yakizunguka asilimia moja tu. Katika hayo machache ndimo mlimo ile harufu kali, na ndimo mlimo kemikali inayoitwa thaimokwinoni, ambayo watafiti wa Misri waliitenga katika miaka ya 1960. Sehemu kubwa ya utafiti wa habasoda tangu wakati huo umeizunguka kemikali hiyo.

Utafiti umeona nini hasa?

Hapa tuseme kweli pande zote mbili. Habasoda si maji matupu, kama wanavyodhani baadhi ya wenye dharau. Na si mbadala wa hospitali, kama wanavyotangaza baadhi ya wenye tamaa.

Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti uliofanywa Saudi Arabia kwa wagonjwa 94 wa kisukari cha aina ya pili. Waligawanywa makundi matatu, wakapewa unga wa habasoda gramu moja, mbili au tatu kwa siku, kwa muda wa wiki 12. Kundi la gramu mbili lilipata nafuu ya wazi. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ilishuka, na kile kipimo kinachoonesha wastani wa sukari wa miezi mitatu kilishuka kwa takriban pointi moja na nusu. Kuongeza hadi gramu tatu hakukuleta faida zaidi. Gramu mbili ni chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai.

Lakini lipo jambo moja katika utafiti huo ambalo tungependa kila msomaji alishike: wagonjwa wale hawakuacha vidonge vyao. Waliongeza habasoda juu ya dawa walizokuwa wakizitumia, huku madaktari wakiwapima damu. Anayesimulia matokeo na kuliacha sharti hilo amesimulia nusu ya habari, na hiyo nusu nyingine ndiyo iliyomponza mzee wetu.

Kwa upande wa shinikizo la damu, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016, uliokusanya majaribio 11, uliona kipimo cha juu kinashuka kwa wastani wa pointi kama tatu tu. Ni faida, ila ni faida ndogo. Mtu mwenye 180 hawezi kuokolewa na pointi tatu. Yapo pia majaribio yenye kutia moyo kuhusu pumu na mafuta katika damu, lakini mengi ni ya watu wachache na ya muda mfupi.

Tena kitu chenye nguvu ya kushusha sukari na shinikizo kina nguvu pia ya kuzishusha kupita kiasi. Anayetumia dawa za kisukari, za shinikizo au za kuzuia damu kuganda amweleze daktari wake kabla ya kuanza. Anayetarajia kupasuliwa aache mapema, wiki mbili kabla. Mama mjamzito asitumie kwa kipimo cha dawa, ingawa punje chache katika chakula ni jambo jingine. Mtoto ambaye hajatimiza miezi sita asipewe kitu chochote zaidi ya maziwa ya mama. Na kwa wanaojipaka, mafuta haya yamewahi kuwatoa baadhi ya watu malengelenge na muwasho. Jaribu kwanza tone moja kwenye mkono, usubiri siku mbili.

Mkono ndani ya chungu ya nafaka

Sasa turejee kwenye zile chupa tatu. Yote tuliyoyataja yanahusu habasoda. Je, chupa ina habasoda?

Sote tunakijua kisa kilichopokewa na Muslim, pale Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni kwenye chungu ya nafaka. Kwa juu ilikuwa kavu na yenye kupendeza. Hakutosheka na kuitazama. Aliingiza mkono wake ndani, na vidole vyake vikakuta unyevu. Muuzaji akasema ilinyeshewa. Akaulizwa kwa nini hakuiweka juu ili watu waione, kisha likafuata lile onyo kubwa kwamba mwenye kughushi si katika sisi.

Ndugu wasomaji, mkono ule ulioingia ndani ya chungu ulikuwa ni kipimo cha ubora. Na aliyepima ni Mtume (s.a.w.) mwenyewe, katika soko la Waislamu, kwa bidhaa ya Muislamu. Basi dada yetu alipouliza nani ameyapima mafuta haya, alikuwa akifuata sunna, hakuwa akiivunja.

Waislamu wa zamani waliifanya kazi hii kuwa cheo cha serikali. Muhtasibu alisimamia mizani, vyakula na dawa. Katika karne ya 12 al-Shayzari aliandika kitabu cha kumwongoza muhtasibu, na humo akazieleza hila za wauza dawa moja baada ya nyingine pamoja na namna ya kuzigundua. Anataja, kwa mfano, wanaochanganya zafarani na nyuzi za nyama zilizopakwa rangi, na anaelekeza iloweshwe katika siki, kwani nyama itajikunja. Kwa hiyo udanganyifu katika dawa si jambo jipya, na kuupima si mawazo ya kigeni.

Hila za leo

Mafuta ya habasoda ni ghali, nayo alizeti na soya ni rahisi. Hapo ndipo mlango wa hila unapofunguka. Wapo wanaochanganya. Wapo wanaouza mafuta mengine kabisa na kuyatia rangi na harufu. Wapo wanaoloweka mbegu chache katika mafuta ya kupikia na kuyaita yamekamuliwa. Na lipo kundi la hatari zaidi, ambalo limeonekana katika nchi nyingi: dawa ya asili iliyotiwa kwa siri dawa ya hospitali, kama vile za kushusha sukari, za kutuliza maumivu, au zile za steroidi zinazomfanya mgonjwa ajisikie mzima kwa siku chache huku mwili ukiharibika.

Hata mbegu yenyewe ina hila yake. Mbegu za kitunguu ni nyeusi na zinafanana sana na habasoda. Isage punje kati ya meno au vidole. Habasoda hutoa harufu kali yenye ukali wa viungo na uchungu kidogo. Mbegu ya kitunguu itakupa harufu ya kitunguu.

Maabara hufanya nini?

Yupo ndugu yetu anayefanya kazi ya maabara. Tulikaa naye jioni moja, akatueleza hatua kwa hatua, nasi tunazifupisha hapa kwa lugha ya nyumbani.

Kwanza hutazamwa kama mafuta ni mabichi au yameharibika. Hupimwa kiasi cha asidi iliyojitenga na kiasi cha peroksaidi, ambayo huzaliwa mafuta yanapoliwa na hewa. Viwango vya kimataifa vya Codex kwa mafuta ya mimea yaliyokamuliwa bila moto vinaweka kikomo cha peroksaidi kuwa 15, na cha asidi kuwa 4. Mafuta ya habasoda hupanda asidi kwa haraka, kwa sababu mbegu yenyewe ina kimeng'enya kinachoyavunja mafuta. Ndiyo maana mbegu yenye unyevu au iliyokaa muda mrefu kabla ya kukamuliwa hutoa mafuta duni, hata kama muuzaji ni mwaminifu.

Pili hutazamwa kama ni habasoda kweli. Mashine ya kromatografia ya gesi huyatenganisha mafuta katika asidi zake, kila moja na kiasi chake. Habasoda ina asidi ya linoleiki zaidi ya nusu, ya oleiki kiasi cha robo au pungufu, na ya palmitiki kama sehemu moja ya kumi au zaidi kidogo. Alizeti nayo ina linoleiki nyingi, na ndiyo sababu wenye hila huipenda. Lakini habasoda ina alama yake: asidi iitwayo eikosadienoiki, kiasi cha asilimia mbili hadi tatu, ambayo katika alizeti na soya karibu haipo. Ikipungua alama hiyo, mchanganyiko umejulikana.

Tatu hupimwa thaimokwinoni. Hapa ndipo penye tofauti kubwa mno baina ya chupa na chupa. Yapo mafuta halali kabisa, yasiyochanganywa na kitu, lakini thaimokwinoni yake imebaki chembe tu, kwa sababu kemikali hii huharibiwa na joto na mwanga. Mbegu iliyokaangwa sana, au chupa nyeupe iliyoanikwa juani mlangoni pa duka, hupoteza kile hasa ambacho mgonjwa anakitafuta. Naye mpimaji mwangalifu hatosheki na kuiona kemikali hiyo moja, bali huwatafuta na wenzake wanaofuatana nayo ndani ya mbegu, maana kitu kimoja huweza kununuliwa na kutiwa.

Nne hutafutwa visivyotakiwa: mafuta ya asili ya petroli, madini mazito, sumu za ukungu, na zile dawa za siri tulizozitaja.

Vipimo vya mitaani

Tulimuuliza kuhusu vipimo vinavyosambazwa katika simu. Weka tone juu ya karatasi. Tia katika maji. Weka kwenye friza. Washa moto. Alitabasamu. Mafuta yote huelea juu ya maji. Mafuta yote ya namna hii huacha doa katika karatasi. Yote huwaka. Uzito wa habasoda na hata namna inavyopindisha mwanga ni karibu sawa na alizeti na soya, kiasi kwamba hata baadhi ya vifaa vya maabara haviwezi kutofautisha kwa vipimo hivyo. Rangi nyeusi pia si hoja. Ganda la mbegu ndilo jeusi, lakini mafuta yake safi huwa ya kahawia au ya manjano iliyokoza. Mafuta meusi kama wino yanastahili kuulizwa zaidi, si kusifiwa.

Ipo hesabu moja, hata hivyo, ambayo kila mama wa nyumbani anaiweza. Kwa kuwa mafuta ni theluthi hivi ya mbegu, na mashine haikamui yote, lita moja huhitaji kilo tatu hadi nne za mbegu. Kwa hiyo chupa ya mililita 100 inataka gramu 300 hadi 400. Nenda sokoni uulize bei ya kiasi hicho cha mbegu, kisha uulize bei ya chupa. Ikiwa chupa ni rahisi kuliko mbegu zilizoizaa, muuzaji akueleze muujiza huo.

Nyumbani tufanye nini?

Ushauri wetu wa kwanza ni mwepesi. Nunua mbegu badala ya mafuta. Mbegu unaiona, unainusa, unaionja, na ni vigumu zaidi kuighushi. Ichague mawe na vumbi, ihifadhi katika chombo kikavu chenye mfuniko, na usage kidogo kidogo kwa matumizi ya siku chache. Tafiti kadhaa, ukiwemo ule wa Saudi Arabia, zilitumia unga wa mbegu.

Ukitaka mafuta, chagua chupa ya kioo cheusi au cha kahawia, yenye jina la mtengenezaji na mahali alipo, tarehe ya kukamuliwa na ya mwisho wa matumizi. Nunua ndogo. Iweke mbali na jua na jiko. Ikianza kutoa harufu ya mafuta yaliyochacha, imwage, usiionee huruma.

Uliza usajili. Hapa Tanzania tunayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na lipo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili waganga na dawa zao. Ipo Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali inayochunguza sampuli, na ipo Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili, ambayo imefanya utafiti wa mimea yetu kwa miongo kadhaa. Muuzaji anayesema bidhaa yake imepimwa aombwe karatasi yenye namba ya fungu ya chupa ile ile. Aliye mkweli hatakasirika. Na tunazisihi kamati za misikiti yetu: kabla ya kumruhusu mtu kupanga meza ya dawa uani, mwombeni karatasi hiyo. Uwanja wa msikiti humpa muuzaji uaminifu ambao hakuuchuma mwenyewe.

Kwa wafanyabiashara wetu, ambao wengi ni watu wema, tunasema: kipimo kinawalinda ninyi kabla ya kumlinda mnunuzi. Anayekamua kwa uaminifu leo anashindana sokoni na anayechanganya, na mnunuzi hana njia ya kuwatenganisha. Wakijiunga watano au kumi wakachangia gharama ya kupima kila fungu, riziki yao itatakasika na jina lao litasimama.

Jibu letu kwa dada yetu

Hukukosea. Uliuliza kuhusu chupa, wakakujibu kuhusu imani. Hayo ni mambo mawili. Maneno ya Mtume (s.a.w.) ni ya kweli, lakini muuzaji si Mtume, na karatasi iliyobandikwa juu ya chupa si wahyi. Anayeipima chupa anamsadiki Mtume (s.a.w.) na kumkagua muuzaji, na amri zote mbili zimo katika dini yetu.

Tulimsindikiza dada huyu hadi kwa baba yake. Tulimkuta mzee barazani, mguu umefungwa vizuri, na kando yake kikombe cha uji. Hatukumlaumu, naye hakujitetea. Alituonesha vidonge vyake katika kijikasha chenye siku za wiki, na karibu yake kichupa cha mbegu za habasoda ambazo mjukuu wake humsagia kila asubuhi, kijiko kisichojaa, baada ya daktari wa kliniki kuambiwa na kukubali. Akasema alidhani ni lazima achague kimoja. Tukamwambia kwamba hakuna aliyemwamuru achague.

Tunamuomba Allah (s.w.) awape shifaa wagonjwa wetu wote, awape wauzaji wetu hofu Yake katika mizani, na atupe sisi elimu yenye manufaa. Tukijaaliwa uhai, wiki ijayo tutaizungumzia asali, ambayo nayo ina chupa zake. Wallahu a'alam.